Shafti imetolewa, mama hajaambiwa

Alhamisi moja ya mwezi Aprili, watoto wakiwa likizo fupi, mama mmoja wa Moshi alimchukua mama mkwe wake kliniki KCMC na kuanza kumrudisha nyumbani kwake Uru. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bibi alikaa kiti cha mbele, mfuko wa dawa mapajani. Wajukuu wawili walikuwa nyuma, wamefunga mikanda, wanagombania dirisha.

Lami iliisha, gari likaingia barabara ya udongo mwekundu katikati ya migomba na mibuni. Mbele palikuwa na mpando wa mwisho kabla ya kufika kihamba cha bibi. Kila mwenye ndugu mlimani anaufahamu mpando wa aina hiyo: mfupi, mkali, tope limelainika kama sabuni, na pembeni mfongo unaopitisha maji ya mashambani. Gari lile lilikuwa limeupanda kwa miaka mitatu, masika na kiangazi. Lilikuwa gari linalovuta kwa tairi zote nne, na hasa kwa ajili ya mpando ule ndiyo maana lilinunuliwa.

Siku hiyo halikupanda. Tairi za mbele zilizunguka pale pale zikirusha tope, pua ya gari ikayumba kushoto, kisha kulia. Mama akaondoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga breki. Tairi zilisimama, lakini gari halikusimama. Liliteremka kinyumenyume taratibu, tairi ya nyuma ya kulia ikatumbukia kwenye mfongo, na mlango ukaegemea mgomba.

Kimya. Kisha mtoto mdogo akauliza, "Tumefika?"

Hakuna aliyeumia. Vijana wa jirani walikuja na majembe, wakatandika magome ya migomba na mawe chini ya tairi, wakasukuma. Mmoja wao, anayejifunza ufundi katika gereji ya mjini, alilala ubavu kwenye tope akachungulia chini ya gari. Alipoinuka alikuwa na uso wa mshangao.

"Mama, hii gari imetolewa propela."

"Imetolewa nini?"

"Ile chuma ndefu ya katikati, inayopeleka nguvu nyuma. Haipo. Hii gari sasa hivi inavutwa na tairi za mbele tu."

Mama akakumbuka. Tangu Januari kulikuwa na chuma kirefu, kimefungwa kwenye gunia, kimelazwa nyuma ya banda la kuku. Alidhani ni bomba lililobaki fundi maji alipomaliza kazi. Hata alishawaambia watoto wasikichezee, wasije wakajikata.

"Nilitaka nikuambie"

Jioni ile, watoto walipolala, mama alimuuliza mume wake swali moja tu.

"Ile shafti imetolewa lini?"

"Januari," baba akajibu. "Nilitaka nikuambie."

"Ungeniambia lini? Leo nilikuwa nimembeba mama yako."

Baba huyu si mzembe. Habari yake inaeleweka na kila mzazi aliyewahi kulipa ada ya watoto wawili katika mwezi mmoja. Baada ya Krismasi gari lilianza kugonga chini, "ngo!", kila alipoingiza gia. Likifika mwendo wa barabara kuu lilitetemeka mpaka kwenye sakafu. Fundi alilipandisha, akatikisa shafti ya katikati, akamwonyesha krosi iliyolika. Spea pamoja na ufundi vilihitaji fedha ambayo tayari ilikuwa na jina la shule.

Fundi akatoa ushauri wake. "Bosi, tuitoe kwanza hii. Gari itatembea tu na tairi za mbele. Ukipata hela, unaniletea, tunarudisha."

Kwa gari lile fundi hakudanganya. Kwa safari za kazini, sokoni na shuleni, zote kwenye lami, gari lilitembea miezi mitatu bila tatizo. Kosa halikufanyika gerejini. Lilifanyika nyumbani, pale ambapo watu wawili wanaendesha gari moja, na mmoja tu ndiye anayejua kwamba si gari lile lile tena.

Wazazi wengi wataitambua hali hii hata kama hawana gari la aina hiyo. Breki zimebaki kidogo, "lakini ukikanyaga mara mbili zinashika." Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Tairi ya akiba haina upepo. Aliyezoea gari anaishi na kasoro hizo bila kuzifikiria, mpaka siku funguo zinapoingia mkononi mwa mwingine.

Shafti ni kitu gani

Injini inatengeneza nguvu sehemu moja, na tairi ziko sehemu nyingine. Shafti ni vyuma vya mviringo vinavyozunguka na kuisafirisha nguvu hiyo mpaka kwenye tairi.

Katika magari mengi ya familia yenye kuvuta kwa tairi nne, kama Toyota RAV4 au Subaru Forester, kuna aina mbili za shafti. Ya kwanza ni propela, ile ndefu inayopita chini katikati ya gari kutoka mbele kwenda kwenye difu ya nyuma. Ya pili ni zile fupi zinazotoka kwenye difu au giaboksi kwenda kwenye kila tairi, ambazo mafundi wanaziita draivishafti. Gari la namna hiyo lina draivishafti nne.

Tairi haikai mahali pamoja. Inapanda na kushuka kwenye mashimo, na za mbele zinakata kona. Kwa hiyo shafti lazima iwe na viungo, kama mkono ulivyo na kiwiko na kifundo. Propela mara nyingi hutumia krosi, kipande chenye umbo la msalaba na beringi nne ndogo. Draivishafti hutumia kiungo kinachoitwa sivi joinți kwa kuandikwa kwa namna mbalimbali, na kwa mdomo wa fundi ni "sivijointi" tu. Ndani yake mara nyingi kuna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, zikiiwezesha tairi kuzunguka kwa mwendo ule ule hata ikiwa imekunjwa kona. Umbo hilo lilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920, na mpaka leo ndilo lililo chini ya mamilioni ya magari.

Gololi hizo zinaishi kwa grisi, na grisi inalindwa na mpira wenye mikunjo unaoitwa raba buti. Hapo ndipo matatizo mengi huanza. Mpira ukipasuka, grisi inarushwa nje, mchanga na tope vinaingia, na chuma kinaanza kusagana na chuma. Raba buti ni ya bei ndogo ukilinganisha na sivijointi nzima. Anayewahi kuuona mpira uliopasuka anabadilisha mpira na grisi. Anayechelewa anabadilisha shafti.

Kwa nini mlimani ni tofauti

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, na safari kutoka mjini haifiki kilomita 50. Vijiji vya Uru, Kibosho, Machame, Kilema na Mamba vimekaa kwenye mteremko huo huo, na upande wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi. Lami imesogea sana miaka hii, lakini kipande cha mwisho cha kufika nyumbani kwa babu na bibi mara nyingi bado ni udongo.

Gari linapopanda, uzito wake unaegemea nyuma. Tairi za mbele zinakuwa nyepesi, na kwenye tope zinakosa mahali pa kung'ang'ania. Kama tairi za nyuma nazo zinapokea nguvu, zinasukuma pale ambapo uzito umekaa. Propela ikiondolewa, kazi yote inabaki kwa tairi zilizo nyepesi. Ndiyo maana gari lile lilikuwa zuri kwa miezi mitatu mjini na likashindwa kwa dakika moja Uru.

Jambo jingine ambalo wazazi wanapaswa kulijua ni kwamba ushauri wa "toa shafti, tembea" haufai kwa kila gari. Kuna magari ambayo kwa kawaida huvutwa na tairi za mbele, na nyuma husaidia zinapoteleza. Hayo yanaweza kutembea bila propela. Kuna mengine yana difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma muda wote. Ukiondoa shafti ya upande mmoja, nguvu inakimbilia upande ule usio na mzigo. Gari linaweza kugoma kuondoka kabisa, au likatembea huku kifaa cha katikati kikiungua polepole. Vilevile kuna magari ambayo propela inaingia moja kwa moja ndani ya giaboksi, na tundu likiachwa wazi oili yote inamwagika njiani. Kabla ya kukubali, muulize fundi gari lako liko kundi gani. Asipojua, mtafute anayejua.

Dalili ambazo hata mtoto husikia

Shafti haifi kimyakimya. Inalalamika wiki nyingi kabla.

Sauti ya "ka-ka-ka-ka" unapokata kona kali, kwa mfano unapogeuza kwenye geti la shule, ni dalili ya sivijointi ya nje.

Gari kutetemeka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, na kutulia unapoachia, mara nyingi ni sivijointi ya ndani.

Mgongo wa "ngo!" unapoingiza gia au unapoachia na kukanyaga mafuta, pamoja na mtetemo kwenye sakafu mwendo unapoongezeka, huelekeza kwenye krosi au beringi ya katikati ya propela.

Grisi nyeusi iliyorukia ndani ya ringi ya tairi ni raba buti iliyopasuka, hata kama bado hakuna sauti yoyote.

Watoto wana masikio mazuri kwa mambo haya kwa sababu wao hawaendeshi. Mtoto akisema, "Baba, mbona gari inalia huku," usimnyamazishe. Zima redio, kata kona taratibu, sikilizeni wote. Mara moja kwa mwezi, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kunja usukani mpaka mwisho, chukua tochi, na mchungulie pamoja nyuma ya tairi za mbele. Ni kazi ya dakika tano. Pengine kijana atakayekwenda VETA kusomea ufundi wa magari anaanzia hapo.

Siku ya kubadilisha

Mzazi hahitaji kuwa fundi, lakini anahitaji kujua kazi nzuri inafananaje, ili asimame gerejini akiwa na macho.

Gari likipandishwa, lisibaki kwenye jeki peke yake. Liwekewe stendi imara chini, na tairi zilizobaki ardhini zizuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Mtoto asikaribie kabisa. Gereji nyingi ni uwanja wa wazi, na watoto waliokuja na baba huzurura.

Kwa draivishafti, fundi hulegeza nati kubwa ya katikati ya tairi gari likiwa bado chini, kwa sababu nati hiyo imekazwa kwa nguvu nyingi. Kisha hutoa tairi, huachanisha kiungo cha chini ili hub isogee, na kuichomoa shafti kwenye giaboksi au difu. Oili kidogo itatoka. Hapo ndipo pa kuuliza mambo mawili: je, sili ya oili inawekwa mpya, na oili iliyotoka itarudishwa ya aina gani? Oili ya giaboksi otomatiki si sawa na ya difu, na kuchanganya kwa kukisia huzaa gharama kubwa kuliko shafti yenyewe.

Kabla ya kuingiza spea, zote mbili zilazwe chini pamoja, ya zamani na mpya. Urefu uwe sawa. Meno ya pande zote mbili yahesabiwe na yalingane. Kama ya zamani ina pete yenye meno kwa ajili ya mfumo wa breki wa ABS, na hiyo nyingine iwe nayo. Shafti za gari la jina moja hutofautiana kulingana na mwaka, injini na giaboksi, na "itaingia tu" si kipimo. Namba ya fremu ya gari ndiyo inayomsaidia muuza spea kukupa kitu sahihi.

Kwa propela, fundi mzuri huweka alama ya rangi kwenye viungo kabla ya kufungua, ili shafti irudi katika mkao ule ule. Shafti ndefu inayozunguka kwa kasi ikikaa vibaya hutetemesha gari zima. Kwa sababu hiyo hiyo, shafti iliyokatwa na kuunganishwa kwa kuchomelea na mtu asiye na kifaa cha kuipima mizania ni ya kuogopa. Ikiachia gari likiwa kwenye mwendo, inaweza kupiga sakafu au kuchimba barabara.

Spea ya mtumba si dhambi. Familia nyingi zinaendesha kwa spea hizo na zinafika. Iliyotolewa kwenye gari jingine ikiwa bado na mpira mzima, isiyochezacheza ukiishika na kuizungusha, huweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Lakini ikaguliwe raba buti zake zote mbili kabla ya kulipia, na omba muda wa kuirudisha ikigoma.

Halafu kuna tairi. Gari la kuvuta kwa tairi nne linataka tairi nne zinazolingana kwa saizi, na zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana. Tairi mpya mbili na kuukuu mbili huzunguka kwa mwendo tofauti, na tofauti hiyo inabebwa na difu na viungo siku nzima. Subaru huelekeza kwamba tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Aliyebadilisha shafti bila kuangalia tairi huenda akarudi gerejini mapema.

Kazi ikiisha, jaribio lifanywe na wote wanaoendesha gari hilo. Kona kali kushoto na kulia, kupanda mlima mfupi, kisha kuangalia chini kama oili inavuja. Baba asirudi nyumbani na neno "imepona" tu.

Ikibidi kusubiri

Januari ni Januari. Kuna wakati fedha haipo, na gari ndilo linalopeleka watoto shule. Kusubiri kunaweza kuwa uamuzi wa busara, mradi uwe uamuzi wa nyumba nzima. Maswali matatu yanatosha, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye dashibodi:

Nini kimetolewa au kimeharibika?

Gari lisiende wapi mpaka litengenezwe?

Litatengenezwa lini, na fedha itatoka wapi?

Swali la pili ndilo linalookoa watu. "Lisipande barabara za udongo wakati wa mvua" ni maneno machache, lakini yangetosha kumfanya yule mama aache gari kwenye lami na kumpandisha bibi kwa njia nyingine, au asubiri jua.

Kuna hatari mbili nyingine ambazo wengi hawazifahamu.

Ya kwanza ni gari otomatiki lililoegeshwa. Herufi P hushika gari kupitia giaboksi na shafti zake. Kwenye magari mengi yanayovutwa na tairi za mbele, draivishafti ya upande mmoja ikikatika au ikichomoka, nguvu ya kushika hupotelea upande huo, na gari linaweza kuteremka hata likiwa kwenye P. Breki ya mkono, ambayo kwenye magari mengi hushika tairi za nyuma moja kwa moja, haitegemei shafti hizo. Kwa uwanja wa kihamba, ambao mara nyingi una mteremko na watoto wanacheza chini yake, sheria iwe moja kila siku: kanyaga breki, vuta breki ya mkono, weka P, na tia jiwe nyuma ya tairi. Watoto wasicheze upande wa chini wa gari, hata kama gari ni zima.

Ya pili ni kuvutwa. Gari la kuvuta kwa tairi nne likiharibika njiani, lisinyanyuliwe tairi mbili na kuburutwa kwa nyingine mbili. Tairi zinazozunguka chini huzungusha shafti na vifaa vya katikati, vikaungua. Lipakiwe lote juu ya gari la kubebea. Ni ghali zaidi siku hiyo, ila giaboksi inabaki.

Gari la mlimani ni la ukoo

Kwenye familia za Kilimanjaro gari halina dereva mmoja. Shemeji analiazima kwenda msibani. Kijana aliyemaliza chuo anatumwa kupeleka mbolea kwa bibi. Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi, funguo hazikai mfukoni mwa mtu mmoja hata siku moja. Mama mwingine wa mtaani anaomba mwanaye naye apakiwe kwenda shule. Kila mmoja wao anakabidhi uhai wake kwa taarifa iliyoko kichwani mwa mwenye gari.

Wakati mwingine kinachomzuia mwenye gari kusema ni aibu. Akisema shafti imetolewa, amesema kwamba hana hela. Baba yule alikiri hivyo mbele ya mke wake. Hakutaka aonekane ameshindwa, hasa gari likiwa ndilo alilojivunia alipolinunua. Mama naye alikiri lake: kwamba mara mbili Januari baba alipoanza mazungumzo ya gari, yeye alimkatisha kwa orodha ya sare na madaftari. Walikaa mezani mpaka saa tano usiku. Hawakumaliza kwa kushindana nani ana kosa. Walimaliza kwa kupanga kwamba mwisho wa mwezi shafti inarudi, na sherehe moja ya mchango itapungukiwa na jina lao.

Bibi alipoelezwa, hakugomba. Aliwaambia habari ya vijito vya huko juu na madaraja ya magogo ya ujana wake. Mtu aliyepita akagundua gogo limeoza hakuwa na uwezo wa kulibadilisha siku ile ile. Alikata tawi, akaliweka njiani, akaenda zake.

"Anayekuja nyuma akiona tawi, anajua," bibi alisema. "Hakuna aliyemcheka aliyeweka tawi."

Madereva wa malori bado wanafanya hivyo. Lori likiharibika kwenye barabara kuu, hata kabla ya kufungua boneti, utaona matawi yametandazwa nyuma yake ili wanaokuja wapunguze mwendo. Ile karatasi ya dashibodi ni tawi hilo hilo.

Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, baba mdogo alikuja kuazima gari aende msibani Rombo. Baba hakuwepo, mama alikuwa jikoni. Aliyempelekea funguo ni mtoto wa miaka tisa.

"Baba mdogo, shikamoo. Gari haina propela. Soma hapo, baba ameandika."

Baba mdogo akasoma. Akalipeleka gari mpaka lami ilipoishia, akaliacha kwa mwenye duka, akavuta breki ya mkono, akatia jiwe, akamalizia safari kwa bodaboda. Jioni alilirudisha likiwa safi.

Mwisho wa mwezi ile shafti ilitolewa nyuma ya banda la kuku, ikafungwa krosi mpya na kurudishwa mahali pake. Karatasi ilibanduliwa. Gundi yake bado inaonekana kwenye dashibodi, na wameiacha.